Bega la Kulia

Pale Suame, mtaa wa mafundi magari jijini Kumasi, kwenye vipuri vya malori, hakuna aliyemweza Dwumfuor kwa bei. Angekuuzia giaboksi iliyokwisha kufa, ukaondoka unamshukuru. Lakini mtazame vizuri: biashara yote aliifanya akiwa upande wa pili wa meza, hatua mbili kutoka kwa mteja, upepo ukitoka kwa mteja kuja kwake. Watu walidhani ni maringo ya mwenye mali. Kumbe ni kikwapa.

Kilimwanza akiwa na miaka kumi na minne, siku mwenzake darasani alipoziba pua na kuuliza, "Jamani, nani katuletea beberu?" Tangu hapo alijaribu yote. Ndimu. Shabu. Magadi. Poda ya watoto. Marashi ya kupuliza, ambayo yalichanganyika na jasho yakazaa harufu ya tatu, mbaya kuliko zile mbili. Mashati matatu kwa siku. Mwisho akashika dawa moja isiyomwangusha: umbali.

Umbali huo akaupeleka mpaka nyumbani. Alilala ukingoni mwa kitanda, mkono kaubana ubavuni. Mwaka wa tisa wa ndoa mkewe, Serwaa, akafungasha vitu vyake akarudi kwao Mampong. Hakusema kwa nini. Dwumfuor hakuuliza, alidhani anajua.

Miezi mitano baadaye baba mkwe akafariki. Serwaa akatuma ujumbe: "Njoo umzike baba kama mkwe. Ukifanya yako sawasawa mbele ya ukoo, Jumapili narudi nawe."

Sasa, kwa desturi yao mkwe havai shati msibani. Anajifunga rubega kitambaa cheusi, bega la kushoto limefunikwa, la kulia liko wazi, kwapa na vyote. Kisha anapita mbele ya viti vyote, akianzia kulia, akimpa kila mtu mkono. Viti siku hiyo vilipita mia.

Alfajiri Dwumfuor alinyoa kwapa kwa wembe, akakata ndimu, akasugua kwa nguvu. Mtu aliyeijua hila ya kila fundi wa Suame, anapaka ndimu kwenye ngozi iliyotoka kunyolewa! Kufika saa nne, jua linawaka, kwapa limevimba na kuchubuka, na jasho la chumvi linapita humo humo. Na bado alisikia ile harufu, au alidhani anaisikia.

Basi akasalimia kwa mkono mfupi. Kiwiko kimegandana na mbavu, vidole tu ndivyo vilivyotoka mbele, mwili umerudi nyuma. Mzee wa kwanza ilibidi ainuke kitini kuvifikia. Wa pili hakuinuka.

"Shemeji," akanong'ona Adusei, kaka yake Serwaa, aliyemfuata nyuma, "nyoosha mkono. Unasalimia watu au unawatupia kuku mtama?"

"Bega linaniuma."

"Limeona leo ndiyo siku ya kuuma? Nyoosha bwana, wazee wanaangalia!"

Hakunyoosha. Mama mmoja mnene akamwambia jirani yake, wala hakushusha sauti, "Ndiye huyo tajiri wa Suame. Anaogopa umaskini wetu utamrukia." Kicheko kikatambaa safu nzima. Alipofika kwa mzee Nsafoah, msemaji wa ukoo, vidole vyake vikabaki hewani peke yao. Mzee alikuwa ameificha mikono ndani ya nguo.

"Virudishe nyumbani vidole vyako, mwanangu. Hapa tunazika mtu."

Kipaza sauti kilitangaza zawadi za wakwe wote. Jina la Dwumfuor likarukwa.

Alimkuta Serwaa nyuma ya jiko, macho yamevimba.

"Serwaa, ni hii harufu. Nilikuwa naificha."

"Harufu gani?"

"Unaijua. Si ndiyo uliyoikimbia?"

"Dwumfuor, baba yangu alikuwa mchinja mbuzi. Nimekua nikilala chumba kimoja na ngozi zake. Nikimbie kikwapa, mimi?" Akajifuta uso kwa pindo la nguo. "Miaka tisa hujanikumbatia ukanikaza. Nikasema labda leo, kwa ajili ya baba, utanyoosha mkono. Nenda zako."

Akaenda. Stendi ya Mampong palikuwa na mwanamke anauza ndimu.

"Hizo sita bei gani?"

"Sidi tano, baba."

"Kwa tano Kumasi napewa kumi."

"Basi kanunue Kumasi."

Dwumfuor akasimama hatua mbili mbali naye, mkono ubavuni, akavuta bei, akavuta, mpaka akaongezwa mbili. Alijua hazitamfaa kitu. Akalipa, akapanda gari, akatafuta kiti cha dirishani.