Chungu cha Dona Idalina

Dorotea Ndunguru hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Miaka kumi na moja alikuwa akihudumia wazee katika makao yaliyoko magharibi mwa Toronto, akiwaogesha, akiwageuza, akiwalisha, kisha anaendesha gari hadi Brampton, kwenye chumba cha chini ya nyumba ya watu alichopanga na bintiye, Gift. Kwa hiyo siku alipobamiza sinia mezani, ukumbi mzima wa kulia uligeuka kumtazama.

Sababu ilikuwa Dona Idalina, yaani Bibi Idalina kwa Kireno. Bibi huyu Mreno wa miaka themanini na minane alikuwa na meno manne na Kiingereza kisichozidi maneno hamsini. Kila siku aliwekewa sahani ileile: chakula kilichosagwa, vilima vitatu vilivyochotwa kwa kijiko cha aiskrimu, kimoja cha kahawia, kimoja cha kijani, kimoja cheupe. Alifumba mdomo. Na kila siku mtu aliandika kwenye faili: amekataa chakula. Kwa miezi miwili alikuwa amepungua kilo saba.

"Hajakataa chakula," Dorotea alifoka. "Amekataa hiki! Nyie mngekila?"

Akavuta kiti akamuuliza bibi mwenyewe anapenda kula nini, jambo ambalo katika faili lote hapakuwa na dalili kwamba mtu amewahi kulifanya.

Kwa maneno machache na mikono mingi, Dona Idalina akaeleza. Kwao ni kijiji kilicho juu ya mto Douro, ambako mizabibu imepandwa kwenye matuta ya mawe, na mlima umesimama wima kiasi kwamba wanaume walibeba matenga ya zabibu mgongoni. Tangu akiwa msichana, kazi yake wakati wa mavuno ilikuwa chungu. Chenga za mahindi, zioshwe mpaka maganda yaelee, zipikwe taratibu na kitunguu saumu, mafuta ya zeituni, sukuma wiki na mbavu za nguruwe zilizolala kwenye chumvi. Wenyewe wanakiita chakula hicho milhos. Wavunaji arobaini walikula kwenye chungu chake. Akisimulia, mkono wake ulikuwa unakoroga hewa.

Dorotea alimwelewa bila shida. Kwao Litembo, huko Mbinga, kusini mwa Tanzania, nako mashamba yamening'inia milimani, na mahindi ndiyo chakula.

Jumamosi alikwenda kwenye duka la Wareno mtaa wa Dundas, akanunua chenga, akapika nyumbani. Daktari alikuwa ameandika chakula laini, basi nyama akaichemsha mpaka ikaachana, akaitwanga. Jumatatu akakipeleka chakula kazini kwenye hotipoti.

Dona Idalina akaonja, akakunja uso. "Saruji," akasema.

Dorotea alikuwa amezisonga chenga kama ugali. Akaambiwa maji yaongezwe, moto upunguzwe, na kitunguu saumu alikiogopea nini? Mara ya tatu bibi alimaliza bakuli akalipangusa kwa kidole. Mwezi ulipokwisha, mzani ulikuwa umepanda kilo mbili.

Msimamizi wao alikuwa Nilofar, mzaliwa wa Upanga, Dar es Salaam, ambaye sasa alikaa Unionville na familia yake. Wakikutana koridoni walizungumza Kiswahili; yeye alimwita Mama Gift, naye akaitwa dada Nilofar. Jumatano moja mchana aliingia ukumbini, akaichukua hotipoti mezani, akamwaga chakula chote kwenye pipa la taka. Dona Idalina alibaki ameshika kijiko.

Dorotea akamfuata mpaka kwenye pipa. "Dada Nilofar! Unamwaga chakula mbele ya mzee? Wewe uliyelelewa kwetu?"

Nilofar alimjibu kwa Kiingereza, bila kumtazama: mfanyakazi haruhusiwi kuleta chakula chake. Aje ofisini saa nane.

Ofisini kulikuwa na barua ya onyo na kalamu juu yake.

"Angepaliwa akafa, ungesemaje?" Nilofar aliuliza, bado kwa Kiingereza.

"Mlikuwa mnamuua kwa njaa," Dorotea akamjibu kwa Kiswahili, "na mnaandika vizuri kabisa." Hakuishika kalamu. Gift alipomwambia nyumbani asaini tu, watamfukuza, alimjibu, "Wanifukuze!"

Ofisi ikamwita mtoto wa bibi, Aderito, mkandarasi wa Richmond Hill. Dorotea alidhani amepata mtetezi. Lakini Aderito aliposikia jina la chakula alitazama chini kwa aibu. "Milhos? Hicho ni chakula cha maskini. Mama yuko Kanada sasa."

Dona Idalina, aliyeketishwa kando yake, akalipuka kwa Kireno. Dorotea hakuelewa hata neno, lakini alimwona mwanamume wa miaka sitini akizidi kuwa mdogo kwenye kiti.

"Anasema chakula hicho ndicho kilichonikuza," Aderito akatafsiri hatimaye. "Anauliza tangu lini nauonea aibu mwili wangu."

Kanuni ziliruhusu familia kuleta chakula. Aderito akasaini fomu ya kuleta chakula, akajifunza kupika kwa Dorotea, akawa anakuja Jumatano na Jumapili. Dorotea akaambiwa onyo litafutwa akiomba radhi kwa maandishi.

"Niliombe radhi pipa la taka?" akauliza. Onyo likabaki.

Siku chache baadaye Nilofar alimsimamisha koridoni. "Mama Gift, nilifuata sheria tu," akasema kwa Kiswahili.

"Sheria haikusema umwage mbele yake, madamu," Dorotea akajibu, akapita.

Jumapili iliyofuata Aderito alikuwa akimlisha mama yake, na mama akimkaripia kuhusu chumvi. Meza ya pili Dorotea alikuwa akimlisha Mzee Elkana, Mkenya asiye na ndugu Kanada nzima. Sahani ya mzee ilikuwa na vile vilima vitatu.

"Yule bibi anakula nini?" mzee akauliza.

"Mahindi, baba."

"Na mimi?"

Dorotea aliweka kijiko chini. Nani angemsainia huyu? Alimfuta mdomo mzee polepole, akavua glavu, akaenda moja kwa moja mpaka ofisini kwa Nilofar, akaingia bila kubisha hodi.