Mtoto Aliyetulia Mno

Hospitali nzima ilimwita Mama Haloo, maana ndiye aliyepokea simu za wodi ya watoto tangu nywele zake zikiwa nyeusi tii. Alipoletewa akili mnemba, mashine ya kupokea simu na kuzungumza kama mtu, alikunja uso.

"Mama, hii hujifunza," fundi wa kompyuta akambembeleza. "Kila simu ikiisha hujiuliza imekosea wapi. Wewe isikilize tu, uisahihishe."

Haikuchukua muda ikampandisha presha. Baba mmoja alipiga: "Mwanangu leo katulia tu, hata kunyonya hataki." Mashine, iliyozoea kwamba mtoto mgonjwa hulia, ikampangia aje kesho. Mama Haloo akadaka simu: "Baba, usingoje kesho, mlete sasa hivi!" Mtoto akaponea chupuchupu.

Baadaye alisoma kwenye skrini yale mashine iliyojiambia: "Nilidhani utulivu ni nafuu. Sikuuliza kama anaamka. Je, kuna wengine niliowakosea hivi?" Ilikuwa imepitia simu za nyuma na kumwomba awapigie wazazi wawili, awajulie hali.

"Walau ina haya," akaguna.

Tangu hapo wakawa ni kuzozana kutwa. Yeye akisahihisha, yenyewe inauliza kwa nini. Akijibu kwa mkato, inauliza tena.

Miezi ikapita. Siku moja Mama Haloo alitoka kung'olewa jino, mdomo umejaa pamba. Kuwasha simu tu, akakuta ujumbe wa mke wa mwanawe: "Mama, hupatikani. Mtoto analala mno, nimepiga hospitali."

Kule hospitali aliyepokea simu ni mashine, peke yake! Akaenda mbio, kiatu nusu kimvuke.

Alimkuta mkwewe wodini, mtoto kifuani akiwa na dripu mkononi.

"Iliniuliza, anaamka ukimgusa nyayo?" mkwewe akasimulia akihema. "Nikasema kwa shida. Ikaniambia, njoo naye sasa hivi, usikate simu. Nilipofika, daktari alikuwa mlangoni ananisubiri."

"Mmewahi, mama," daktari akasema. "Sukari ilikuwa imeshuka. Sasa yuko salama."

Mjukuu akapiga chafya, kisha akaangua kilio kilichojaza wodi. Mama yake akaanza kumbembeleza.

"Mwache alie!" Mama Haloo akasema, machozi na kicheko vikimtoka pamoja, ingawa kwa ile pamba hakuna aliyemwelewa.