Nilivyoivua Barafu Nguo Njiani Kwenda Dadaab

Jina langu liacheni, kosa ndilo nimelileta. Nilimharibia dada yangu posa kwa ujuaji wangu, kisha nikamsingizia mtu asiye na hatia.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, niko darasa la sita Garissa. Kaka yetu alikuwa anaoa Dadaab. Aabo, yaani baba, akaapa wageni watakunywa sharubati baridi, liwalo na liwe. Akanunua bonge la barafu, likafukiwa kwenye unga wa mbao na kufungwa magunia, likapakiwa kwenye lori la Mahat. Yeye mwenyewe akatangulia.

Mahat alikuwa kijana mpole aliyempenda dada yangu Halima. Wazee wake walikuwa waje kuposa baada ya harusi hiyo, na Halima alishaanza kuimba akiosha vyombo.

Nikapandishwa nyuma nilinde mizigo. “Walaal, ndugu yangu, gunia usifungue mbaka tufike,” Mahat akaniambia.

Sasa mimi nilikuwa na akili nyingi. Mwalimu wa sayansi alikuwa ametuambia blanketi halina joto lake, linazuia tu joto lisipite. Kwenye mtihani niliandika hivyo hivyo nikapewa alama, lakini moyoni nilimcheka. Halina joto? Kwani yeye hujifunika nini? Na hapa barafu ya watu imevalishwa magunia jua la saa saba. Nikaihurumia.

Tulipotoka mjini nikaivua. Nikapangusa unga wa mbao wote, nikaiacha ipigwe upepo, maana upepo unapoza, si ndiyo? Maji yakaanza kutiririka. Nikajiambia hilo ni joto la magunia linatoka. Wallahi nilijipongeza.

Kufika Dadaab, kilichobaki kilitosha glasi moja ya mgonjwa. Nikarudishia magunia haraka haraka. Aabo akafunua, akanigeukia. “Iko wapi?”

Nikasema Mahat alisimama njiani akawakatia rafiki zake.

 Mahat angeniita mwongo, angekuwa anamtukana mtoto wa mzee ambaye yeye alitaka kumwomba binti. “Mzee, mimi sijachukua kitu,” akasema.

“Mtu anaiba barafu ya harusi, halafu nimpe msichana wangu?” Aabo akafoka mbele ya watu wote. Posa ikafia hapo. Wageni wakanywa sharubati ya vuguvugu huku wakitusengenya, na mimi nikala pilau kama kawaida.

Halima akaja kuolewa mbali, Banissa, na mtu mzima ambaye hakuwa akimjua.

Mwaka jana alikuja kutusalimia, nikamwambia yote. Nilitega shavu nikisubiri kofi. Hakunipiga. Aliuliza, “Kwa hivyo hakuiba?” Nikasema hakuiba. Akauliza tena, polepole. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa anajilazimisha kumchukia yule kijana, ili aweze kukaa kwa mumewe.

Walimu, mtoto akiandika jibu sahihi msishangilie haraka, mwulizeni kwanza anaamini nini. Na wewe uliye mdogo na unajua kila kitu, ukiyeyusha barafu ya watu, sema ni wewe, siku hiyo hiyo, kabla wageni hawajakaa. Mimi nilisema nikiwa na ndevu, na Halima ana mjukuu wa tatu mgongoni.