Baiskeli Ndani ya Chumba

Paa la chumba chetu lina tundu la msumari. Jua likishapanda juu ya soko la Busia, tundu hilo huteremsha doa la mwanga dogo kama sarafu. Mwaka ule mume wangu alipolazwa kitandani na maumivu ya mgongo, alilifuata doa hilo kwa macho kutwa nzima. Lilianzia kwenye kengele ya baiskeli, likatambaa kwenye usukani, likashuka kwenye kiti cha abiria nilichokishona mwenyewe kwa kitenge na sponji. Likifika kwenye spoku za gurudumu la nyuma alikuwa akisema, "Alasiri hiyo," na kweli, punde si punde ungesikia adhana.

Nayakumbuka hayo kama mtu aliyelala mchana akasikia sauti za nyumbani kwa mbali. Lakini baiskeli haikuwa na kazi yoyote chumbani. Niliiingiza mimi.

Mume wangu ni mvushaji. Tangu ujana amevusha kwa baiskeli, mpakani mwa Uganda na Kenya, mahindi, maharage, sukari, na akina mama wenye haraka. Wenzake wengi walihamia kwenye pikipiki. Yeye akasema pikipiki ina kelele, mtu hawezi kuwaza. Siku moja aliinama kushusha gunia la maharage na hakunyooka tena. Alirudi nyumbani kwa miguu, ameiegemea baiskeli kama mkongojo, jasho linamtiririka puani.

Nilimkanda kwa mafuta ya simsim ya moto. Nilimfunga mkanda. Shangazi yake akaleta mizizi kutoka Masinya, tukachemsha, nyumba ikanuka wiki nzima na mgongo haukujali. Baadaye alianza kuacha chakula. Kisha akaacha kunyoa, kisha kuzungumza. Mimi nina hasira za karibu, na siku moja nilimfokea kwamba kinachouma ni mgongo, si ulimi. Aligeukia ukutani. Bado naona haya nikikumbuka.

Tulikwenda hospitali moja Tororo. Daktari, binti mdogo tu, alimbonyeza mgongo, halafu akauacha mgongo na kumuuliza analala vipi, na akiwa peke yake anawaza nini. Mume wangu akalia mbele yake kama mtoto. Daktari alinieleza kwamba mgongo una ugonjwa wake na moyo una wake, huo wa moyo unaitwa sonona, na kila mmoja unamlisha mwenzake. Alitupa dawa. Alimfundisha kuamka: ulale ubavu, ukunje magoti, uteremshe miguu, ndipo ujisukume kwa mkono. "Na asiachwe peke yake," aliniambia mimi.

Tulikaa kwenye benchi nje tukingoja gari. Ukungu ulikuwa umelivaa lile jiwe kubwa lisimamalo juu ya mji wa Tororo hadi kifuani, likawa kama linaelea. Akasema taratibu, "Lenyewe limekaa tu miaka yote, na hakuna anayeliuliza litaamka lini." Nilimshika mkono mpaka gari lilipokuja.

Mimi huuza chai na maandazi barazani kwetu. Kesho yake mteja akaniuliza, "Mama, mzee iko?" Nikasikia kinywa changu kinasema, "Amevuka." Hapa Busia neno hilo linatosha. Mwanamume huvuka asubuhi akarudi jioni, au mzigo ukampeleka Kisumu akarudi wiki ijayo, na hakuna anayekuhoji. Niliona aibu, nasema kweli. Sikutaka mji ujue kwamba mtu aliyetulisha kwa miguu yake sasa analilia kikombe cha chai. Ila hapa mvushaji hujulikana kwa baiskeli yake: ikiegemea ukuta wa baraza yupo, ingia. Kwa hiyo niliiingiza chumbani, nikaiegemeza mbele ya kitanda. Watoto nao nikawafundisha kusema baba amevuka.

Miezi minne ikapita hivyo. Nilijiona mke hodari. Kila nilipogeuza maandazi mara mbili tatu nilikimbia ndani kumtazama, nikijisifu kwamba simwachi peke yake kama daktari alivyosema. Yeye alikuwa akiitazama baiskeli asiyoweza kuipanda, na kupitia dirishani akinisikia nikiwaambia watu kwamba hayupo. Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo naijua tangu utotoni, na niliwahi kuwatolea wengine.

Asubuhi moja wakaja majirani watatu, wamejifunga khanga vizuri, wakakaa kwenye benchi langu bila kuagiza chai. Mkubwa wao akanishika goti.

"Hajati, pole. Sisi tumesikia."

"Mmesikia nini?"

"Bwana yako naoa huko ng'ambo. Bibi mdogo, mweupe, iko na duka. Usilie. Wanaume iko hivyo."

Kabla sijafungua mdomo, ndani ya chumba kikasikika kicheko. Kilikuwa chake, kicheko kile cha zamani, kikakatwa na mlio wa maumivu, kikaanza tena. Wale akina mama waliganda. Nami nikawaambia maandazi yameisha, na sinia limejaa mbele yao.

Nilipoingia, machozi yalikuwa yamemlowesha masikio.

"Nimeoa," akasema. "Kwa mgongo huu."

Nikacheka nikakaa kando yake. Kicheko kikamwisha kabla yangu. Akaniambia, "Mama watoto, mimi nimekuwa nikikusikia kila siku. Mwanzoni niliona uchungu. Sasa naona ni kweli. Sipo, na nyinyi mnakula, mnakwenda shule, mnauza. Siku nyingine nawaza niyamalize tu, niondoke kabisa, usiendelee kusema uongo kwa ajili yangu."

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Nilimwomba msamaha, nikarudia, nikarudia tena, na yeye akanitazama tu, amechoka. Siku ileile nilimpeleka kwa daktari, nikamweleza yote bila kuficha.

Asubuhi iliyofuata niliikokota baiskeli nje. Magurudumu yalikuwa hayana upepo na utando wa buibui ulikuwa umeifunga kengele. Nikaiegemeza ukutani, nikawasha jiko. Wa kwanza kuja alikuwa mvushaji mwenzake, aliyeanza naye kazi. Alisimama kuitazama.

"Shemeji, mzee narudi?"

"Hakuvuka," nikamwambia. "Yupo ndani. Anaumwa mgongo na moyo. Ingia."

Alivua viatu, akaingia, akaketi sakafuni kando ya kitanda. Hakuuliza ugonjwa. Kwa kuufanyia mzaha ule uvumi aliita, "Bibi mdogo, naomba maji ya kunywa," na mume wangu akamjibu kwamba amekwenda kufungua duka. Kufikia adhuhuri viatu vilijaa mlangoni, na mimi nikalia juu ya unga.

Hakupona. Mgongo upo, na zile siku nzito zinarudi bila kubisha hodi. Zikija, analala amefumba macho, nami nasikia sauti yake kabla ya kitu kingine.

"Baiskeli iko nje?"

"Iko nje."

Kisha anageuka ubavu, anakunja magoti, anateremsha miguu.