Nati ya Gari la Bibi

Enzi zetu pale Kibaoni, gari la familia lilitengenezwa na watoto. Letu, mimi na kaka yangu Deo, lilikuwa ubao mmoja mrefu na magurudumu manne ya mti yaliyovishwa vipande vya tairi. Ekseli ya mbele, iliyobeba magurudumu mawili, ilikuwa ubao ulioshikwa na bolti moja katikati ili igeuke, na kamba mbili ndizo zilizokuwa usukani.

Kazi yake kubwa ilikuwa Bibi. Miguu ilikuwa imemkataa, na misa ya Krismasi aliikosa kwa mara ya kwanza maishani. Akaapa Pasaka hataikosa, hata kwa kubebwa kama gunia la mpunga.

Jumapili ya Matawi tukafanya majaribio naye mwenyewe. Deo, kwa kuogopa Bibi asije akayumba, aliikaza nati ya bolti ile hadi spana ikalia. Tuliamini kilichokazwa ndicho salama. Tuliposhuka kalavati, pale njia inapokata kwenda kanisani, nilivuta kamba, ekseli haikugeuka. Gari likanyoosha hadi mtaroni, na mtaro ulikuwa umejaa maji ya masika. Bibi akaibuka na tawi lake mkononi.

"Nilishabatizwa mimi! Nani kawaambia mnirudie?"

"Tusamehe Bibi, ni nati..."

"Nati gani? Nitoeni kwanza, vyura wananichungulia!"

Baba hakutuchapa. Alikata vipande viwili vya mpira wa tairi, akaviweka juu na chini ya ekseli, akakaza nati, kisha akairudisha nusu mzunguko. Akaisukuma ekseli kwa mguu: ikageuka, ikarudi yenyewe taratibu.

"Ukibana mno haigeuki, ukilegeza mno inacheza," alisema. "Na mjaribu kwa matofali kabla ya mama yangu."

Juma Kuu lote tulisafirisha matofali. Siku ya Pasaka, kwenye kona ile, Bibi alifumba macho na kuishika rozari.

"Bado kona?"

"Tumeshaipita, Bibi."

"Basi sukumeni, wameanza kuimba."

Wajukuu wangu hununuliwa vigari vya dukani. Nati ikilegea wanataka kingine. Spana hawajui hata inashikwa upande gani. Nami sasa magoti yamenikataa. Jumapili naitiwa bajaji, inakata kona ile ile bila kutikisika. Nafika mapema, nguo kavu, namshukuru Mungu. Ila njia nzima hakuna anayenisukuma.