Nondo za Roshani ya Makole

Gerson Ndahani akitembea mjini Dodoma hatazami maduka. Hutazama juu, kwenye roshani za nyumba mpya, pale zinapotoka ukutani na pale zinapoishia hewani. Akiona ukingo ulioinama hata kwa upana wa kidole, husimama, huweka mkono kiunoni, kisha husema kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya msiba, "Hii ilikanyagwa." Ukimuuliza nani aliyeikanyaga, hujibu, "Waliomwaga zege," na kuendelea na safari.

Yeye ni mfunga nondo. Nimepita katika miji mingi, na kila mahali wapita njia husifu rangi, vigae na vioo. Sijasikia, kwa lugha yoyote ninayoielewa, mtu akisimama barabarani kusifu chuma kilichomo ndani ya zege. Kikikaa vizuri hakionekani tena mpaka nyumba ibomolewe. Gerson ameishi zaidi ya miaka ishirini kwa kazi ambayo huonekana asubuhi moja tu, kabla ya zege kumwagwa, naye anajivunia kazi hiyo kuliko wachora majengo wengi ninaowafahamu.

Alizaliwa Mlali, upande wa Kongwa, ambako Mwingereza alikuja na matrekta kulima karanga, karanga zikamkatalia, akaondoka na kuacha vyuma. Baba yake alivikata vyuma hivyo akafua majembe. Gerson ndiye aliyevuta mivuo ya kupulizia moto, na kabla hajajua kusoma alikwisha kujua kwamba chuma ukikipinda ghafla kwa kona kali hupasuka ubavuni, lakini ukikizungusha taratibu hubaki na nguvu zake. Mwaka 1974, serikali ilipoanza kuhamishia makao makuu Dodoma, shirika moja la umma la ujenzi lilimwajiri abebe nondo. Baada ya miaka mitatu alikuwa anasoma michoro: nondo ya unene gani, ndefu kiasi gani, iachane na jirani yake kwa nafasi gani, na ipindwe wapi.

Masharti hayo ameyashika kama wengine wanavyoshika katekisimu. Nondo mbili zikiungwa, zipishane kwa urefu wa mara hamsini ya unene wake, kwa hiyo nondo ya milimita kumi na mbili hulalia mwenzake kwa sentimita sitini, si hamsini na tano. Mikia ya ringi, zile pete za chuma zinazofunga nondo za nguzo, ipindwe iingie ndani, isiachwe pembeni. Chuma kisiguse mbao za chini zinazolibeba zege bichi. Kikalishwe juu ya biskuti, vile vipande vidogo vya saruji, ili zege lipite chini yake na unyevu usikifikie. Biskuti zake alizikata mwenyewe kwa waya kabla hazijakauka, zote za unene mmoja, na ole wake aliyemletea kokoto badala yake.

Shirika lilipopunguza watu mwaka 1992 aliondoka na futi yake, plaizi, na jina la utani: Milimita. Huko nje alikuta dunia mpya. Biashara ilikuwa imeachiwa huru, na kila mwenye duka alitaka ghorofa. Wengi waliosimamia kazi hizo walikuwa wamejenga nyumba za chini tu maisha yao yote. "Gerson, hiyo nondo ya tatu ya nini?" waliuliza. "Ya mtu atakayelala chini yake," alijibu, na mara nyingi kesho yake hakuitwa tena. Mkewe, Hana, alimwambia awe anakubali kidogo. Alisema atafikiri, na hakufikiri.

Machi 1996 alikuwa Makole, kwenye nyumba ya wageni ya Mama Anastazia. Mama huyu alitoka Bukoba, alikuwa karani wa wizara mpaka alipostaafu, na aliona mapema jambo ambalo wengine walichelewa kuliona: wabunge wakija kwa vikao hukosa vitanda. Alitaka ghorofa moja yenye roshani mbele, mita moja na robo kutoka ukutani, ili mheshimiwa akae nje jioni apate upepo. Mhandisi alimchorea, na msimamizi wa kazi alikuwa Wambura, mtu wa Mara, mchapakazi mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto.

Roshani ndiyo iliyokuwa shughuli. Sakafu ya kawaida imeshikwa pande zote, hivyo uzito huivuta katikati na upande wa chini ndio unaotaka kupasuka. Nondo zake kuu hukaa chini. Roshani imeshikwa upande mmoja tu. Uzito huuinamisha ukingo, na upande wa juu, pale ukutani, ndio unaofunguka. Kwa hiyo nondo zake kuu hukaa juu, na hurudi ndani ya sakafu kwa karibu mita mbili ili zipate pa kujishikilia. Gerson alizikalisha juu ya viti alivyovipinda kwa vipande vya chuma, milimita mia na hamsini kati ya nondo moja na nyingine, akazifunga kwa waya. Wambura alizunguka akizitazama.

"Nondo nyingi juu, chini chache. Mgogo umelala vibaya?"

"Soma mchoro, Wambura."

"Kwenu mnaezeka udongo, leo wewe unifundishe zege?"

"Ndiyo maana najua paa lina uzito. Kwenu mnaezeka nyasi. Likianguka mnajifunika mnaendelea kulala."

Mafundi walicheka mpaka Wambura mwenyewe akacheka.

Siku ya zege, mjini Dodoma kama mahali pengi nchini, si siku ya kazi tu. Mwenye nyumba hupika, huita jamaa na majirani, huomba mtumishi wa Mungu aombee. Mama Anastazia alichinja mbuzi wawili, akaalika kwaya, diwani, wenzake wa zamani wa wizarani, na Mchungaji Bartolomayo, mstaafu kutoka Mpwapwa, aliyekuwa na goti bovu na sifa ya kuomba kwa kifupi. Alfajiri Gerson alitandika mbao kumi juu ya magogo mafupi, kutoka penye ngazi, kando ya roshani, mpaka ukingoni mwake, ili wabeba karai wapite hewani wasikanyage nondo. Kisha alishuka kwenda kumalizia ringi za nguzo za nyuma.

Wageni walikuja wengi kuliko viti. Mtu fulani, kwa nia njema kabisa, alipanda juu, akakuta mbao nzuri zimelala bure, akazishusha zote kumi. Zikawekwa juu ya matofali, zikawa mabenchi chini ya turubai. Mchungaji akaomba, kwaya ikaimba, mashine ya kuchanganyia ikawashwa.

Gerson aliporudi juu, zege lilikuwa limekwisha kufunika sakafu ya juu ya vyumba viwili vya nyuma na linasogea mbele. Wabeba karai walisimama mstari mmoja, wanapokezana, na nusu yao walisimama juu ya nondo za roshani. Viti vyake vilikuwa vimelala ubavu kama mbuzi waliochoka. Nondo zilizotakiwa kuwa inchi moja tu kutoka juu zilikuwa zimezama karibu na mbao za chini. Zikifunikwa pale, roshani ingebaki na sehemu ndogo tu ya nguvu zake, na hakuna ambaye angejua mpaka siku watu wanane watakapotoka nje pamoja kutazama mvua.

"Simamisheni!" alipiga kelele. "Shukeni kwenye nondo, wote!"

"Tushuke wapi, baba?" alijibu Tabu, mwanamke wa Chang'ombe aliyekuwa katikati ya mstari na karai kichwani. "Tuna mabawa?"

Wambura alikuja mbio juu ya chuma kilekile. "Gerson, zege halilali! Likiganda hapa katikati, sakafu nzima imeharibika. Unataka kuniua?"

"Nataka mbao zangu. Nipe nusu saa nizinyanyue nondo, na wapite juu ya mbao. Bila mbao watazizamisha tena."

"Mbao zimekaliwa."

"Na nani?"

Wambura alichungulia chini. Sauti yake ilipungua. "Na Mchungaji."

"Na diwani," Tabu akaongeza. "Na kwaya nzima, pamoja na sauti ya nne."

Gerson alitazama ukingo wa zege bichi uliokuwa mita tatu kutoka kwenye roshani, akakadiria muda uliobaki kabla halijashika. Alishuka ngazi na kwenda moja kwa moja chini ya turubai, suruali imejaa matope ya saruji, plaizi mkononi. Kwaya ilikuwa katikati ya wimbo, ikakatika sauti moja moja.

"Shikamoo, Mchungaji. Shikamooni, wazee. Naomba mnyanyuke. Mbao mlizokalia ni za juu."

Kumwinua mgeni alipokaa, tena mzee, tena mtumishi, tena mbele ya chakula, ni jambo ambalo Mgogo hulisimulia kwa wajukuu kama mfano wa ukosefu wa adabu. Gerson alilijua hilo kuliko wote waliokuwepo. Mama Anastazia alitoka jikoni na mwiko.

"Gerson! Unanidhalilisha mbele ya wageni wangu?"

"Mama, nondo za roshani zimekanyagwa. Zikimwagiwa hivyo, roshani itamlaza mbunge chini siku moja, na hatalala peke yake."

"Wambura yuko juu, ndiye msimamizi. Amelalamika?"

"Nimemwambia, ila bado hajaziona."

"Basi rudi kazini. Wageni watakula, tutazungumza kesho."

Gerson hakurudi. Alimgeukia Mchungaji Bartolomayo, kwa sababu ndiye aliyekaa kwenye mbao ndefu kuliko zote, na akamwuliza kwa Kigogo, kisha akarudia kwa Kiswahili ili wote wasikie:

"Mchungaji, umezaliwa ndani ya tembe. Ule mti wa paa uliotoka nje ya ukuta, unaobeba udongo wa kibarazani bila nguzo mbele. Ukichoka, hufunguka upande gani?"

Mzee alikunja uso. Alikuwa na sahani ya supu mkononi na hakufurahi kuulizwa maswali. "Juu," alisema mwishowe. "Hufunguka juu, pale ukutani. Marehemu kaka yangu aliangukiwa na kibaraza cha namna hiyo. Tena alikuwa anakula."

"Chuma cha kuuzuia mfunguko huo kimekanyagwa. Kiko chini, ambako hakizuii kitu."

Mchungaji aliitazama supu yake, akatazama juu kwenye roshani, kisha akampa mwimbaji mmoja sahani aishike. "Nimezika watu, nimeozesha watu," alisema akijiinua kwa shida, goti likilia, "sijawahi kuinuliwa mbele ya mbuzi. Chukua mbao zako, mwanangu."

Hapo hakuna aliyeweza kubaki amekaa. Diwani aliinuka wa mwisho, akipangusa suruali polepole ili ionekane ameamua mwenyewe. Waimbaji walizibeba mbao wenyewe, wawili wawili, wakawapa mafundi kwenye ngazi.

Juu, Gerson na Wambura walilala kifudifudi pembeni, wakazinyanyua nondo moja moja kwa ndoano na kuvirudisha viti. Wambura alipoona zilivyokuwa zimezama, aliacha kusema, jambo lililowashangaza mafundi kuliko yote ya siku ile. Gerson alipima kila moja kwa futi na kufunga waya upya kwenye kila kiti. Kwa dakika ishirini na tano mashine ilizunguka bila kumwaga. Kisha Gerson akanyoosha mkono kuwaruhusu. Tabu akapita wa kwanza juu ya mbao na karai lake.

"Sasa natembea kama bibi harusi," alisema.

Chini, wageni walikula pilau wamesimama. Mama Anastazia alisubiri mpaka karai la mwisho. Hakumpa Gerson chakula. Alimpa ujira wake wa siku na kumwambia achukue vifaa vyake, asirudi kesho.

Alirudi nyumbani kabla jua halijazama. Hana alimwuliza kilichotokea, akamweleza. "Zilikaa juu?" aliuliza Hana. "Inchi moja," alisema Gerson, "zote." Mkewe akamwekea ugali na mlenda, na Gerson akala kama mtu aliyetoka kwenye sherehe.

Majuma manne yalipita bila kazi. Siku ishirini na nane zilipotimia, siku ambayo miti ya kuegemeza huruhusiwa kutolewa chini ya roshani, Wambura alifika mwenyewe mlangoni kwa Gerson, kwa baiskeli.

"Vijana wamekataa kugonga miti," alisema. "Wanasema mpaka Milimita aje."

"Na mama?"

"Mama amesema nikuite. Hakusema kwa furaha, lakini amesema."

Gerson alivuta uzi kutoka ukutani mpaka ukingoni na kuupima. Kisha akawaamuru waanze na miti ya ukingoni, warudi nyuma kuelekea ukutani, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, ili roshani ijifunze kubeba mwili wake kidogo kidogo. Ulipoanguka mti wa mwisho, mafundi walirudi nyuma hatua kadhaa. Gerson alibaki chini yake na futi, akapima tena dhidi ya uzi. Roshani haikushuka hata unene wa msumari. Aliwaonyesha futi, na Wambura akaja kuisoma kwa macho yake.

Mama Anastazia alikuwa ng'ambo ya barabara, ametoka sokoni na kikapu cha mboga. Alikuwa ametazama yote. Alivuka, akasimama mbele ya nyumba yake.

"Vyumba vya uani vinaanza Jumatatu," alimwambia Gerson. "Utakuja?"

"Nitakuja, mama."

"Naweza kupita?"

"Pita."

Alipita chini ya roshani, kwa mwendo wake wa kila siku, kikapu mkononi, akiwaza labda mboga zake, na hakuinua macho.

Gerson husimulia sehemu hiyo ya mwisho mara mbili kila anapoisimulia. Anasema hajawahi kusifiwa vizuri kuliko siku ile.