Siku Niliyokuwa Misri Mbele ya Baba

Baba yangu aliinuka katikati ya hotuba yangu, mbele ya wazazi wote na masista, akatoka nje.

Nikajua nimekwisha.

Ilikuwa mwaka 2003, siku ya wazazi, shuleni kwetu Kibosho. Sisi wa kidato cha tano tuliigiza kikao cha Umoja wa Mataifa kuhusu maji ya Mto Nile.

Mimi nilipangiwa Misri, nchi ya chini ya mto. Rafiki yangu Digna akapangiwa Ethiopia, ya juu.

Nyumbani mambo yalikuwa kinyume kabisa.

Kihamba chetu, shamba la migomba la ukoo, kiko upande wa juu wa mfongo, mfereji wa asili unaoshusha maji kutoka mlimani. Cha kina Digna kiko chini. Kiangazi kile baba aliuziba mfereji hata siku za zamu yao. Yeye na Mzee Remigius, baba yake Digna, wakaacha kusalimiana, nami nikakatazwa kukanyaga kwao.

“Mheshimiwa Mwenyekiti,” nilisema, “wa juu akifunga maji, migomba ya wa chini inakauka. Watoto wake wale nini?”

Ukumbi ukaangua kicheko. Migomba, Misri?

Hapo ndipo baba alipotoka.

“Theo, leo unalala nje!” Digna akaninong'oneza, kisha akasimama.

“Ethiopia inauliza: nani anayeamka na baridi kuzibua banio, mlango wa mfereji? Siku ya kusafisha mfereji, Misri huwa wapi? Kila mara mgongo unamuuma!”

Mzee Remigius akashusha kofia usoni.

Mlango ukafunguka. Baba alikuwa amerudi, mkononi ana jani la isale alilolikata kwenye ua wa shule. Kwetu, ukiletewa isale umeombwa radhi, na hukatai.

Akampita Mwenyekiti kama hamwoni.

“Baba Digna, nimekosa.”

“Umeniweza, Baba Theodora.” Mzee Remigius akalipokea. “Jumamosi nakuja na jembe.”

“Na mgongo?”

“Umepona hapa hapa!”

Mwenyekiti, dada Salvina wa kidato cha sita, akagonga meza. “Wageni waalikwa, msiingilie majadiliano ya kimataifa!”

Njiani kurudi nyumbani nilitembea kifua mbele.

“Baba, kumbe hotuba yangu ilikugusa?”

“Yako?” Akacheka. “Yako ilinikasirisha, nikatoka niende zangu. Nikiwa dirishani nikamsikia binti wa Remigius akieleza taabu yangu vizuri kuliko ninavyoieleza mwenyewe. Mtoto kama yule nitamnyimaje maji?”

Sasa niko chuo kikuu, na bado nakutana na watu wanaoiita midahalo ile michezo ya kupoteza muda. Nawaomba waianzishe katika kila sekondari, na kila mwanafunzi apewe nchi asiyoipenda. Mtu mkaidi hulainika siku anapoisikia hoja yake kinywani mwa mpinzani, tena imesemwa kwa haki.

Misri na Ethiopia? Tulibishana mpaka kengele ya chakula, hatukuafikiana hata kifungu kimoja.

Kisha tukaenda kula sahani moja.